Funguo alikuwa nazo nani? Jela za Texas na watu waliozitawala

Haya jamani, walioko nyuma sogeeni, spika yenyewe hii ya kuazima. Leo ni jela za Texas kule Marekani, na nina swali moja tu, nani hasa alikuwa anazitawala. Maana ukisoma sheria utaambiwa gavana, sijui bodi, sijui mkurugenzi, ila ukiuliza usiku funguo anashika nani, hapo ndo mambo yanabadilika.

Jimbo lilifungua gereza Huntsville 1849 na tangu siku hizo wakubwa walitaka jela ijilishe yenyewe, isiguse hela ya serikali. Wakaweka kiwanda cha nguo ndani ya kuta, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja kikawa kinauzia jeshi la Kusini, yale majimbo yaliyotetea utumwa, faida ikaonekana. Vita vikaisha, utumwa ukafutwa, watu weusi wakaanza kusombwa jela kwa vijikosa vya wizi mdogo, gereza likafurika na hazina haina kitu. Sasa? 1871 wakalikodisha gereza zima, kuta pamoja na watu! Baadae wafungwa wakakodishwa kwa Cunningham na Ellis, wenye mashamba ya miwa Sugar Land. Yaani unakodi mtu kama unavyokodi bajaji, tena afadhali bajaji maana ukiiua mwenyewe atakudai, mfungwa akifa unaletewa mwingine. 2018 wanachimba msingi wa shule hapo hapo Sugar Land wakakuta mabaki ya watu 95, na mifupa yenyewe inaonyesha kazi waliyobebeshwa.

Kukodisha kuliisha kwenye 1912 hivi, lakini jimbo lilishaanza kununua mashamba, kwahiyo miwa ile ile, jua lile lile, bosi tu kabadilika. Mambo ya makamishna na bodi ya watu 9 ya 1927 nayaruka, mtasinzia.

Twende kwa George Beto, mkurugenzi wa magereza ya Texas 1962 mpaka 1972, mchungaji wa Kilutheri, anatokea jela bila taarifa anatembea mwenyewe kwenye korido. Jela zake zilisifiwa nchi nzima, safi, kimya, na gharama ndogo. Kimya kile kililetwa na nani, askari wenyewe wachache? Wanyapara! Kule waliitwa BT, kifupi cha building tenders, wafungwa wababe waliopewa funguo na virungu, wao ndo wanaamua nani alale wapi na nani apigwe. 1973 bunge la jimbo likapiga marufuku, wakubwa wa magereza wakasema sisi hatuna watu hao, na wanyapara wakaendelea na kazi zao.

Aliyewaumbua ni mfungwa, David Ruiz, 1972 aliandika malalamiko yake kwa mkono akayapeleka mahakama ya shirikisho. Kesi ikasikilizwa siku 159, mashahidi 349, na 1980 jaji William Wayne Justice akasema mfumo mzima unavunja katiba. Wakubwa walibisha wee, mpaka 1982 wakakubali kuwaondoa wanyapara.

Ila waliwaondoa kabla askari wa kutosha hawajaajiriwa, na mimi hapo naona jimbo lilifanya ubahili ule ule wa 1849. Magenge yakaingia kwenye nafasi ile, 1984 na 1985 wafungwa 52 wakauawa na wenzao. Ndo hela ya kuajiri askari ikapatikana. Kesi imekuja kufungwa 2002, na Ruiz akafariki 2005, bado mfungwa.

Haya, maswali. Mzee wa kofia anza wewe.