Picha za Mambo Tuyapendayo: Mwanasesere, Isukuti na Bogenvilia

SHANGAZI: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni tena. Tuko barazani kwangu hapa Kisumu kama kawaida, na mkisikia jogoo wa jirani, mtuvumilie. Leo mpwa wangu ana la kusema kuhusu kupiga picha mambo ambayo mtu huyafanya kwa mapenzi tu, bila kulipwa. Na mimi nina la kumjibu.

MPWA: Asante, Shangazi. Wacha nianze na kosa. Wiki mbili zilizopita nilikuja hapa nikampiga picha mwanasesere wako na lile gauni jeupe ulilomshonea. Niliona nimefanya kazi safi. Ukaitazama ile picha kwenye simu, ukanyamaza.

SHANGAZI: Nilinyamaza kwa sababu gauni langu lilikuwa limegeuka kijivu! Kitambaa kile nilikitoa kwa fundi wa cherehani pale Kibuye, ni mabaki ya shela ya bibi harusi. Cheupe kabisa. Kwenye picha kilifanana na shuka iliyofuliwa na soksi.

MPWA: Kumbe kamera haijui kitu ni cheupe. Inapima mwanga, halafu inajaribu kuuleta katikati, si mwingi wala si kidogo. Ukiielekeza kwenye nguo nyeupe inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na gauni linakuwa kijivu. Nguo nyeusi inaongezewa mwanga mpaka inapauka. Dawa ni ndogo sana: kwa simu nyingi, gusa skrini pale kwenye gauni, utaona kijua kidogo kinatokea. Kwa nguo nyeupe kitelezeshe juu, kwa nyeusi kishushe.

SHANGAZI: Lakini halikuwa hilo tu. Kichwa cha mwanasesere kilikuwa kikubwa kama boga, na miguu imekwisha!

MPWA: Hapo nilisogea mno. Lenzi ya simu huona upana mkubwa, na ukiisogeza karibu sana, kilicho mbele kinavimba. Sasa narudi nyuma kama nusu mita, naikuza picha mara mbili kwenye skrini, ndipo nabonyeza. Tena napiga magoti, simu iwe usawa wa macho yake. Ukimpiga ukiwa umesimama anaonekana kitu kilichoangushwa sakafuni. Ukishuka, anakuwa mtu.

SHANGAZI: Wasikilizaji hawakioni nilichoshika, kwa hiyo niwaeleze. Hili ni gauni la njano, kola yake haizidi ukucha wangu wa kidole gumba. Mwanasesere wa aina hii ana sentimita 29 hivi, yaani ni kama mtu aliyepunguzwa mara 6. Sasa fikirini: mshono wa cherehani wenye milimita 3, ambao kwa nguo yako hauuoni, kwake ni kama milimita 18! Ni kama mtu ameshonewa kwa kamba. Ndiyo maana nashona kwa mkono, milimita 1, milimita 1, hadi pindo linazunguka. Na kitenge chenye maua makubwa hakimfai, ua moja linameza kifua chote. Natafuta pamba yenye vidoti au maua madogo kama punje za ulezi.

MPWA: Na picha ikakuonyesha nini?

SHANGAZI: Ilinionyesha uzi umening'inia chini ya kwapa. Nilikuwa nimelishika gauni lile jioni tatu mfululizo, macho yangu hayakuuona. Picha ikaukuza, ukawa kama mkia. Tangu siku hiyo, kabla sijasema nguo imekwisha, naipiga picha kwanza, naikuza, naikagua mshono kwa mshono. Nimekuwa fundi bora kwa sababu ya simu, na sioni haya kulisema.

MPWA: Mwanga tuliutoa dirishani, wa pembeni. Upande wa pili tukasimamisha karatasi nyeupe ya manila, ile ya kuchorea ramani shuleni, irudishe mwanga kwenye kivuli. Flashi tuliizima. Flashi inaua marinda, yanalala yote kama yamepigwa pasi.

SHANGAZI: Haya, waambie sasa habari ya Kakamega.

MPWA: Ilikuwa harusi, na wachezaji wa Isukuti walialikwa. Kwa asiyejua, hii ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa huku magharibi mwa Kenya, na mwaka 2014 UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliiandika katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma zenyewe huja tatu tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kuna pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja anaongoza, wanaume safu yao, wanawake safu yao. Mimi nilikuwa na kamera ya kuazima. Nikapiga picha zaidi ya mia tatu. Nyumbani nikazifungua, mabega yote ni ukungu.

SHANGAZI: Ulikuja hapa umenuna.

MPWA: Niliumia kweli. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake, niliiacha 1/60 ya sekunde, na mabega ya Isukuti hayasubiri 1/60. Ili kuyasimamisha unahitaji kama 1/500, na mchana ule mwanga ulitosha kabisa. Lakini hata hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba nilikuwa nikibonyeza nikiona jambo zuri. Ukingoja uone, umechelewa. Mkono unakawia, kamera nayo inakawia kidogo.

SHANGAZI: Na wewe ulikuwa mchezaji shuleni!

MPWA: Ndiyo maana iliniuma. Mara ya pili nilipoenda, nilikaa dakika kumi bila kamera. Nikapiga makofi, nikaitikia wimbo, mpaka ngoma ndogo ikaniingia mwilini. Hapo nikajua kiongozi akivuta neno la mwisho, pigo linalofuata mabega yanapanda, na yakifika juu yanatulia kitambo kidogo mno kabla ya kushuka. Pale ndipo picha ilipo. Nikawa nabonyeza pamoja na ngoma, kama napiga njuga. Picha arobaini tu, na zaidi ya nusu ni nzuri. Kuna moja, mama mmoja jasho limeruka begani, matone unaweza kuyahesabu.

SHANGAZI: Hiyo nimeiona. Nilitaka kusimama nicheze.

MPWA: Kwa hiyo ninachokiamini ni hiki, Shangazi: mpiga picha mzuri wa ngoma ni mchezaji, na wa bustani ni mwenye bustani. Ana kitu ambacho kamera ya bei haiwezi kumpa mgeni. Anajua ni lini.

SHANGAZI: Kwa bustani nakuunga mkono bila shaka. Mgeni akija na kamera hapa saa saba kasorobo, jua liko utosini, anapiga waridi langu jekundu linatoka doa tupu, petali hazionekani.

MPWA: Wekundu unajaa kupita kiasi kwenye picha. Ungeshusha kile kijua, au ungoje wingu.

SHANGAZI: Mimi nangoja asubuhi. Na si kwa mwanga tu. Sisi watu wa ziwani tunajua, asubuhi upepo ni mpole, unatoka nchi kavu kwenda majini. Jua likishapanda, ardhi inapata moto kuliko maji, upepo unageuka, unakuja kutoka ziwani, na hapo ua halitulii tena. Basi saa moja asubuhi, umande bado uko, natoka na chai yangu, napiga picha kabla sijamwagilia. Nikishamwagilia, matone ni makubwa mno, ua linaonekana limenyeshewa.

MPWA: Na bogenvilia?

SHANGAZI: Ah, bogenvilia! Watu wote wanaelekeza kamera kwenye ile zambarau. Zile si petali, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe katikati, kama kipaza sauti kilichofunguka. Gusa skrini pale, kamera ishike hapo, na zambarau itazunguka yenyewe kwa ulaini. Nimepalilia ule mti miaka na miaka bila kuliangalia lile ua vizuri, mpaka nilipotaka picha.

MPWA: Na picha za mambo kama haya huishi, Shangazi. Kule Bamako, Mali, alikuwako mpiga picha Malick Sidibé. Miaka ya 1960 alikuwa anaenda na kamera yake kwenye dansi za vijana, na picha zake baadaye zikamfikisha mbali, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice, Italia, mwaka 2007. Vijana wale walikuwa wakicheza tu Jumamosi yao. Nikiziangalia nasikia muziki. Nataka za kwetu pia ziwepo, na ziwe kwenye karatasi. Simu huibwa, simu huanguka majini.

SHANGAZI: Hilo nimekusikia. Chagua kumi, zioshwe, nitazibandika kwenye albamu.

MPWA: Lakini moja haipo. Nimekuomba mara ngapi nipige mikono yako ikishona?

SHANGAZI: Mikono hii, mwanangu? Imechomwa na sindano, imelima, kucha zimechoka.

MPWA: Hiyo hiyo. Gauni bila mikono hiyo wajukuu hawatajua lilitoka wapi.

SHANGAZI: Haya. Sogeza kiti, jua limefika dirishani. Lete manila. Usinipige nikiwa nimeinama tu, hakuna kitu hapo. Ngoja nichukue uzi. Nitalamba ncha, nitaizungusha kwa vidole, halafu nitaiinua kwenye mwanga nitafute tundu la sindano. Nikishika pumzi, bonyeza.

MPWA: Niko tayari.

SHANGAZI: Bado... bado... sasa.