Usikiombee Radhi Kiondo Chako

Ahsanteni kwa kunikaribisha hapa sokoni Kariokor, akina mama, kaka na dada zangu. Kabla ya kuingia humu nimepita vibandani, na kila nilipoinua kiondo niliambiwa: “Hicho hakikutoka vizuri sana, angalia hiki.” Jamani! Sijasema neno, mwenye mali keshanionyesha kasoro. (Kicheko.)

Huo si unyenyekevu. Woga wenyewe naujua: kitu ulichokisuka mwezi mzima, jicho lako hukimbilia pale uzi ulipolegea. Anayekiona leo haoni hapo.

Dada wa mbele, niazime chako. Tazameni kitako. Alianzia hapa katikati, akawa anaongeza nyuzi kidogo kidogo duara likipanuka. Akiongeza kwa pupa, kitako hufanya mawimbi. Akichelewa, ubavu huanza kupanda kabla ya wakati. Chake kimetulia mezani. Na mkonge huu ameupindia pajani mwenyewe, ndiyo maana unene haulingani. Mteja akiuliza, mwambie hivyo hivyo. Kujisifu hakuhitajiki, eleza kazi.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu. Vikichomwa kwenye hewa ya kutosha hutoka vyekundu. Vikichomwa tena moto ukinyimwa hewa, hugeuka vyeusi. Vingine vina rangi zote mbili, na mpaka wake haukupigwa rula. Viko kwenye makumbusho Uingereza na Marekani, na sijasikia vikiombewa radhi.

Mnaoanza, kazi ya kwanza msiipeleke Maasai Market. Kule bei hukatwa kabla ya salamu, na anayekata bei hasemi lolote kuhusu usukaji wako. Anatetea mfuko wake tu. Mwonyeshe kwanza mtu mmoja anayejua kusuka. Usimuulize “unaonaje?” Atajibu “ni kizuri” na mazungumzo yaishie hapo. Muulize: ukingo umekaza? Mkanda huu wa ngozi utabeba viazi kutoka sokoni mpaka nyumbani? Hapo atauvuta, atakijaza, na atakuambia jambo la kurekebisha kesho asubuhi.

Bei nayo, itaje mara moja kisha unyamaze. Najua, kimya hicho kinawasha kuliko upupu.

Haya dada, pokea kiondo chako. Unauza ngapi? … Hapana, usinitazame mimi. Watajie wale wa nyuma, wasikie.