Samaki mkunje angali mbichi, lakini mfupa je?

Asanteni, kaeni. Naona sura ambazo zishanisikia, na kuna mmoja pale katikati anatabasamu kama anayesema huyu anaanza tena na vifundo vyake vya mikono. Ndio naanza tena. Nitaacha siku nitakayomaliza mwezi mzima bila kuletewa mtoto wa miaka 12 wa jimnastiki, ule mchezo wa kujirusha na kusimama kwa mikono, kafungwa bandeji na kocha wake, kaambiwa kateguka kidogo tu, na kesho yake yuko mazoezini na bandeji ileile.

Kuna kisa changu, mliokisikia vumilieni. Alikuja dada mmoja wa miaka 26, wala hakuja kwa habari za michezo, alikuja kwa sababu akikamua nguo anaumia. Akifungua kifuniko kigumu anaumia, akizungusha kitasa anaumia, na kila akionyesha ni huku upande wa kidole kidogo. Uliwahi kuanguka? Hapana. Kuvunjika? Hapana. Kazi nzito? Hapana, nakaa ofisini. Nikauliza na kuuliza hadi nikaanza kujiona mjinga, mpaka alipoweka mikono mezani nikaona kile kifundo cha mfupa upande wa nje kimechomoza kuliko kawaida, na mikono yote miwili! Nikamuuliza utotoni ulicheza nini. Akacheka, akasema ah, jimnastiki, lakini niliacha nikiwa na miaka 15, hayo ya zamani daktari.

Ya zamani! Tukapiga eksirei, mfupa wa upande wa kidole kidogo umempita mwenzake, unasukuma vifupa vya kiganja kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni. Nikamuuliza, wakati ule ulikuwa unaumwa? Akanijibu kitu ambacho mimi sijakisahau: "Tulikuwa tunaumwa wote, kwa hiyo tulijua ni kawaida." Kwa kuumwa wote ndio ikawa kawaida, yaani kama darasa zima lina homa basi homa sio ugonjwa.

Sasa hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo mambo yote yalipo. Mkono huu kutoka kiwiko hadi kiganja una mifupa miwili, mmoja upande wa dole gumba na mwingine upande wa kidole kidogo. Kiungo kikiwa kizima, ule wa dole gumba unabeba karibu asilimia 80 ya mzigo na mwenzake anabeba hizo 20 zilizobaki. Kwa mtoto, karibu na ncha ya ule wa dole gumba kuna tabaka la gegedu, gegedu la ukuaji, yaani tishu laini ambayo bado haijageuka mfupa, na robo tatu au zaidi ya urefu wa mfupa ule inatoka hapo kwenye kifundo, sio kule kwenye kiwiko. Na ni laini, kano zinazoshika kiungo zina nguvu kuliko lenyewe, kwa hiyo mzigo ambao mtu mzima ungemtegua kano, mtoto unamuumiza gegedu. Ndio maana nikisikia "kateguka tu" kwa mtoto wa miaka 12 anayekua, damu inanichemka.

Mtoto wa jimnastiki akisimama kwa mikono mwili wote uko juu ya viganja. Akijirusha kinyumenyume akatua kwa viganja, nguvu inazidi mara mbili ya uzito wake, na anarudia na kurudia. Damu inayolisha ile sehemu inabanwa, gegedu linachelewa kugeuka mfupa, linabaki nene, ndio maana kwenye eksirei ule mstari wa gegedu unaonekana mpana na kingo zimechakaa, na asiyejua anasema safi, bado anakua huyu. Usijaribu kulinganisha na mkono wa pili maana mara nyingi wa pili nao mbovu vilevile. Na mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi kabisa wakati MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaonyesha tatizo, kwa hiyo usinipungie picha safi ukidhani umeshinda kesi.

Mzigo ukiendelea, gegedu linaweza kufunga kabla ya wakati wake. Mfupa wa dole gumba unasimama. Mwenzake hana habari, yeye anaendelea kukua. Akimpita kwa milimita 2.5 tu, ule mzigo wake wa asilimia 20 unafika kama 40. Milimita 2.5 jamani! Na katikati pale kuna kijisahani cha gegedu kama mto mdogo, kinasagwa kila ukikamua nguo, miaka inapita, kinatoboka. Yule dada mwisho wake alifanyiwa upasuaji, mfupa ukakatwa ukafupishwa, kwa kitu ambacho kingetibiwa na kupumzika akiwa na miaka 13.

Najua makocha mtaniambia nini, mshaniambia mara nyingi: samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Lakini aliyesema hivyo alijua kwamba samaki ukishamkunja anakaukia hivyohivyo, hanyooki tena! Mimi ndio hicho ninachokisema siku zote, methali yenu inanitetea mimi. (Kicheko.) Mwingine atasema lakini umri umedhibitiwa. Umedhibitiwa wapi? Shirikisho la dunia la jimnastiki lilipandisha umri wa wanawake kwenye mashindano makubwa kutoka 15 hadi 16 mwaka 1997, jambo zuri, lakini hiyo inalinda jukwaa, hailindi ukumbi wa mazoezi. Ili awe tayari na miaka 16 ameanza kusukuma lini? Na 8, na 9, halafu anaongeza saa zaidi kwenye miaka 11 hadi 14, palepale anaporefuka haraka na gegedu liko dhaifu kupita wakati wote.

Na usiniletee Juan Martín del Potro, yule mcheza tenisi wa Argentina, kwamba mbona alipasuliwa vifundo vya mikono yote akarudi akachukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Alikuwa mtu mzima, matatizo yake hayakuwa ya gegedu la ukuaji, na hata hivyo mkono wa kushoto alipasuliwa mara 3, akarudi hawezi kupiga bekihendi, lile pigo la mgongo wa mkono, kama zamani, anaikata ikata tu.

Haya, naonyeshwa saa, nilikuwa na mambo ya tenisi na kunyanyua vyuma na yale mavunjiko madogo ya mfupa chini ya dole gumba, nayaruka. Dawa yenyewe haina maajabu. Mwaka 1985 ilichapishwa ripoti ya wanajimnastiki 21, ambao eksirei zao zilikuwa bado safi walipona kwa wastani wa wiki 4, ambao zilishaonyesha mabadiliko walihitaji miezi 3 na kuendelea. Mnaona bei ya kusema "tusubiri kidogo tuone". Na wengi wakipumzishwa mapema wanapona kabisa, sisemi kila anayeumwa ataishia kwa mpasuaji.

Kupumzika maana yake viganja havibebi mwili, sio mtoto kukaa kwenye kochi, miguu anayo, tumbo analo, afanye hayo. Dawa za maumivu ili aingie mashindanoni, hapana, maumivu ndio kengele pekee mliyonayo mnataka kuikata waya. Saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake, siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na miezi miwili mitatu kwa mwaka nje ya mchezo huo. Akirudi arudi polepole, na asirudi kama bado anaumia ukimbonyeza.

Kumbonyeza wapi, mtaniuliza. Juu ya kifundo, upande wa mgongo wa mkono, usawa wa dole gumba, hapa. Halafu mwambie aweke viganja mezani aegemee. Akikunja uso, leo hafanyi viganja, na wewe kocha usimwulize mbele ya wenzake kama anaumwa, maana atakwambia hapana.