Kipindi cha 41: Bahari Imepata Uhamisho

[Muziki wa kufungulia]

MWANA: Karibuni tena. Yohana yupo, mimi nipo, chai ya tangawizi ipo, na leo kuna karatasi.

YOHANA: Karatasi ya nini tena?

MWANA: Usijifanye. Ratiba uliyoituma kwenye kundi la kikoba Jumanne. Naisoma kama ilivyo: "Jumamosi, Bagamoyo. Saa 1, kifungua kinywa. Saa 3 na nusu, kuelekea ufukweni. Saa 4 hadi saa 6, kuogelea."

YOHANA: Ukajibu kwa vikatuni vya kucheka, saba, bila maelezo. Kosa liko wapi? Saa 4 jua bado lina huruma, watoto hawajachoka.

MWANA: Kaka Yohana, hiyo Jumamosi mwezi ni mpevu. Saa 4 asubuhi Bagamoyo hakuna bahari.

YOHANA: Imekwenda wapi?

MWANA: Imehama.

YOHANA: Kama sisi watumishi tulivyohamia Dodoma? Na barua ya uhamisho?

MWANA: Barua, posho ya kujikimu, lori la mizigo, kila kitu.

YOHANA: [kicheko] Haya, kabla hatujapotea. Wasikilizaji, tuliahidi mambo matano kwa anayetoka Dodoma kwenda kupumzika pwani siku mbili tatu: maji, usafiri, malazi, chakula, na fukwe ambazo wengi hawazijui. Maji tuyape dakika tano, tuendelee.

MWANA: Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Hilo wengi wa huku bara wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kiasi cha kujaa na kupwa kinabadilika na mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: yanajaa sana, yanapwa sana, tofauti inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti inashuka mpaka mita 1 hivi, bahari haisogei sana.

YOHANA: Mita 3 si nyingi. Ni urefu wa ukuta wa chumba.

MWANA: Ni mita 3 za kusimama. Ufuko wa Bagamoyo umelala. Maji yakishuka hizo mita 3, mbele yako ni mchanga na tope mpaka watu walioko majini uwaone kama njiti. Utatembea kwenda kuogelea, ukifika maji yako magotini.

YOHANA: Na hiyo saa 4 umeitoa wapi? Umefungua kitabu?

MWANA: Kwa pwani yetu haihitaji kitabu. Siku za bamvua, Dar, Bagamoyo, Zanzibar, maji yanajaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri. Basi yanapwa saa 4, asubuhi na usiku. Kila bamvua, mwaka mzima.

YOHANA: Ngoja. Saa 4 asubuhi anatoka?

MWANA: Anatoka.

YOHANA: Saa 4 ni saa ya chai ofisini! Huyu hajahama, huyu ni mtumishi ameenda kunywa chai.

MWANA: Na anarudi saa 10.

YOHANA: Ofisi imefungwa saa 9 na nusu! [kicheko kirefu] Mama yangu. Koti liko kwenye kiti, mwenyewe hayupo. "Yupo, ametoka kidogo, msubirini."

MWANA: Na nyinyi mtamsubiri kweli, na ndoo na maboya.

YOHANA: Sawa, nifundishe kumpigia hesabu huyu mtumishi, maana kikoba kina wikiendi nyingine mbili.

MWANA: Anza na siku ya mwezi mpevu au siku unapoandama. Maji yanajaa saa 10. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Siku ya tatu baada ya mpevu ni dakika 150, yaani saa 2 na nusu: yatajaa saa 12 na nusu jioni. Toa saa 6 na dakika 12, yamepwa kama saa 6 na robo mchana. Siku ya saba umeongeza karibu saa 6: sasa yale ya saa 10 alfajiri yanajaa saa 4 asubuhi, na ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali. Hiyo ndiyo Jumamosi ya kuogelea Bagamoyo. Ratiba yako ni nzuri, Yohana. Umeiweka wiki moja mapema tu.

YOHANA: Kwa hiyo ningetazama kalenda yenye tarehe za Kiislamu.

MWANA: Kuanzia tarehe 1 na kuanzia tarehe 15, mtumishi yuko chai. Tarehe 7, 8, na 22 hivi, yuko mezani. Hesabu hii inaweza kukosea nusu saa, kwa hiyo kwa safari ya mtumbwi muulize mvuvi. Kwa kuogelea inatosha.

YOHANA: Tumemaliza maji. Usafiri...

MWANA: Hatujamaliza. Bamvua siyo mbaya, ina kazi zake. Saa 4 ya bamvua miamba inatoka nje, na akina mama wanashuka na fito kutafuta pweza. Ukitaka pweza wa bei ya maana, nenda siku hizo, mchana, wakiwa wanapanda. Dagaa ni kinyume: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, wavuvi wengi wanakaa nyumbani kushona nyavu.

YOHANA: Nao wako likizo.

MWANA: Likizo ya malipo hawana. Na bamvua ndiyo siku ya Maziwe.

YOHANA: Nilijua. Nilijua tu tutafika Pangani.

MWANA: Maziwe ni fungu la mchanga mbele ya Ushongo, kusini ya Pangani, kilomita kama 8 kutoka ufukweni. Zamani lilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na sasa bamvua ikijaa halionekani. Yakipwa ni mchanga mweupe na matumbawe pembeni, na ni hifadhi ya bahari, kuna ada. Unaondoka Ushongo saa 2 asubuhi siku ya bamvua, unafika maji yakiwa yanashuka, unaogelea na miwani, saa 4 unatembea juu ya mchanga. Kivuli hakuna hata cha kidole, choo hakuna. Maji ya kunywa lita 2 kila mtu, shati la mikono mirefu, na yeboyebo miguuni, maana matumbawe yanakata na wale wadudu weusi wa miiba mirefu hawana msamaha.

YOHANA: Na kurudi?

MWANA: Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani maji yatarudi polepole muda wote. Saa ya kwanza baada ya kupwa huyaoni. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mbio, nusu nzima ya maji inarudi ndani ya saa hizo mbili. Kama yamepwa saa 4, saa 6 uwe umeshapanda mashua. Saa 7 mchanga umebaki mkeka.

YOHANA: Mtumishi akirudi kutoka chai anarudi na hasira.

MWANA: Ana mafaili.

YOHANA: [kicheko] Sasa niseme na mimi. Sehemu ni nzuri, sibishi. Ila tumesema mapumziko mafupi. Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, Pangani: kama kilomita 600, na za mwisho 45 siyo lami ya kuringa. Halafu bado uvuke mto. Basi halizidi 80 kwa saa. Siku nzima imeisha barabarani, na ya kurudi nayo imeisha. Wikiendi iko wapi? Panda treni ya umeme Ijumaa jioni. Ilipoanza 2024 nauli ya kawaida ilikuwa 31,000, na baada ya saa 3 na ushee, au 4 kwa ile inayosimama vituoni, uko Dar. Tiketi kata mapema, viti vya Ijumaa vinaisha, na jina lifanane na kitambulisho. Lala mjini. Asubuhi vuka Kigamboni.

MWANA: Kigamboni wanaijua wote.

YOHANA: Wanaijua Mjimwema. Wanashuka pantoni, wanaishia hapo kwenye muziki. Endelea Gezaulole, pale unapata mashua ya kwenda visiwa vya Sinda. Endelea tena Kimbiji, halafu Pemba Mnazi huko mwisho. Jumamosi asubuhi foleni ya pantoni ni ndefu, mwenye gari apite daraja la Kurasini. Jambo la kuangalia ni upepo: kuanzia Kimbiji hakuna kisiwa cha kukukinga, kusi likivuma, Juni mpaka Agosti, mawimbi yanapiga moja kwa moja, watoto hawaogelei. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, upepo wa mashariki, bahari imelala kama ziwa.

MWANA: Hilo la upepo nakuunga mkono. Na kusi linaleta majani ya bahari marundo. Ila ulivyopiga hesabu ya Pangani umeipiga kwa hila. Kwa nini treni iwe ya Dar tu? Shuka Morogoro, kituo kiko Kihonda, chukua bajaji mpaka Msamvu, panda basi la Tanga, shuka Muheza. Umeokoa kilomita 260 za barabara.

YOHANA: Na ukifika Msamvu mabasi ya Tanga yameshaondoka asubuhi? Utakaa na mabegi unasubiri ya kupita, yaliyojaa. Umebadilisha chombo mara nne, una watoto wawili na ndoo.

MWANA: Treni ya kwanza ya asubuhi.

YOHANA: Bado unaingia Muheza jioni, na Pangani usiku.

MWANA: Unalala Pangani mjini. Asubuhi unaulizia kama unavuka kwa pantoni au daraja, unaingia Ushongo. Unapata ufuko mrefu wenye minazi na watu wachache. Kimbiji Jumapili kuna spika tatu zinashindana.

YOHANA: Kimbiji siyo Mjimwema!

MWANA: Gari zinafika?

YOHANA: Zinafika.

MWANA: Spika zinafika.

YOHANA: Dada Mwana, mtu ana usiku mbili. Mbili. Nampa saa 10 za ufukweni, wewe unampa saa 20 za kukaa kwenye kiti.

MWANA: Mimi nampa kitu ambacho hakukiona. Wewe unampa Dar na mchanga.

YOHANA: Sikubali.

MWANA: Na mimi sikubali.

[Kimya kifupi. Kikombe kinawekwa mezani.]

YOHANA: Wenye chumba wananionyesha vidole, wanasema dakika mbili.

MWANA: Mbili? Hatujasema malazi. Wala chakula.

YOHANA: Chakula umesema pweza.

MWANA: Malazi basi, haraka. Kabla hujatuma pesa uliza swali moja: maji yakipwa, kutoka hapo mpaka bahari ni hatua ngapi? Picha zote zinapigwa maji yakiwa yamejaa.

YOHANA: Zinapigwa saa 10.

MWANA: Mtumishi akiwa amevaa tai.

YOHANA: [kicheko] Na Kaole? Uliniambia tuseme Kaole, wanaokwenda Bagamoyo wasikose.

MWANA: Kaole ni kilomita 5 kusini ya mji, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na mikoko hapo chini. Ndiyo ya kufanya saa 4 mwenyewe akiwa chai. Kutoka Dar basi za Bagamoyo ziko Makumbusho. Na Tongoni, njia ya Tanga na Pangani, kuna...

YOHANA: Tongoni, unarudi Pangani kwa mlango wa nyuma!

MWANA: Ni wikiendi ukiondoka Alhamisi.

YOHANA: Ukiondoka Alhamisi hiyo siyo wikiendi, huo ni uhamisho.

MWANA: Basi niandikie barua. Haya, mlango unagongwa, kata, kata...

[Muziki wa kufungia]