Carrefour ilikimbia Japani, 7-Eleven ya Japani ikamnunua mwenye jina

Haya wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nawarekodia nikiwa Makuhari, mkoa wa Chiba, ukitoka Tokyo kwa treni si mbali. Upepo wa bahari ni mkali, mnivumilie kama sauti itakatika.

Nimechagua Makuhari kwa sababu hapa ndipo Carrefour, supamaketi ya Wafaransa, ilipofungua duka lake la kwanza Japani, Desemba 2000. Najua watu wa Nairobi mmeshaanza kuandika kwenye komenti: Carrefour ipi, hii yetu? Jina ni hilo hilo, ila yenu inaendeshwa na Majid Al Futtaim wa Dubai, tangu walipofungua pale Karen mwaka 2016. Huku Wafaransa walikuja wenyewe. Wakafikisha maduka manane, na mwaka 2005 wakayauza yote kwa Aeon, kampuni ya hapa hapa, wakafunga virago.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba Mjapani ni mteja mgumu. Ana mila zake, anachagua samaki kama anachagua mchumba, mgeni hamuwezi. Hata Wajapani wenyewe hulipenda jibu hilo, maana linawasifia. Mimi limenichosha. Nimekaa nchi hii muda wa kutosha kuona kwamba watu wa huku wananunua vitu vya wageni kila siku: kuku wa Kentucky, kahawa ya Starbucks, fanicha za IKEA. Ugumu upo, lakini haukai kwa mteja. Uko nyuma ya duka, pale mzigo unapoingilia.

Tuanze na hao Wafaransa. Watu walijazana siku za mwanzo wakitegemea Ufaransa: jibini, mvinyo, mikate ile mirefu. Wakakuta bidhaa zile zile za supamaketi ya mtaani kwao. Carrefour ilidhani kumheshimu mwenyeji ni kumuuzia vya kwake, kumbe mwenyeji alikuja kutafuta vya ugenini! Lakini hilo lingerekebishika. Tatizo zito lilikuwa bei. Kwao Ulaya walizoea kununua moja kwa moja kiwandani na kumbana mwenye kiwanda mpaka ashushe. Japani bidhaa ilikuwa inapitia kwa wauzaji wa jumla, tena wa ngazi mbili tatu, na kila mmoja ana uhusiano wa miaka mingi na kiwanda. Wewe una maduka manane, unamtisha nani?

Walmart, wenye supamaketi kutoka Marekani, nao walipita njia hiyo. Waliingia mwaka 2002 kwa kununua hisa za Seiyu, supamaketi ya Kijapani, wakaongeza mpaka wakaichukua yote, na mwaka 2020 wakatangaza kuuza sehemu kubwa kwa KKR, kampuni ya uwekezaji, na Rakuten, kampuni ya Kijapani ya biashara ya mtandaoni. Hao walikuwa wakubwa kuliko wote duniani. Ukubwa wa Marekani haukuwasaidia sana huku.

Sasa rudini nyuma kidogo, mwaka 1974, maana hapo ndipo utamu ulipo: hadithi ya 7-Eleven.

Mwaka huo ilianza kutumika sheria ya kudhibiti maduka makubwa. Ukitaka kujenga duka kubwa, wenye maduka madogo wa eneo lile wanasikilizwa, na wakikupinga unaweza kusubiri miaka. Sheria hii iliwaudhi Wamarekani mpaka ikawa suala la serikali na serikali. Toys "R" Us walipofanikiwa kufungua duka Kashihara, mkoa wa Nara, Januari 1992, Rais George Bush, yule baba, alikuwepo kwenye uzinduzi. Rais mzima, duka la midoli! Na hata wao walikuwa wameshikana na mwenyeji, Fujita Den, yule aliyeleta McDonald's pale Ginza mwaka 1971.

Ito-Yokado ilikuwa kampuni ya supamaketi ya Kijapani kabisa, na yenyewe ilibanwa na wenye maduka madogo. Ndani yake alikuwemo meneja anayeitwa Suzuki Toshifumi. Akiwa ziarani Marekani alikuwa ameona viduka vya 7-Eleven, mali ya Southland, kampuni ya Dallas iliyoanza mwaka 1927 kwa kuuza barafu. Akapata wazo: kama wenye maduka madogo wanatuogopa, kwa nini tusiwape jina, mfumo na mzigo, wao wabaki na maduka yao? Wakubwa zake hawakulipenda. Alikomaa, na mwaka 1973 mkataba ukasainiwa. Southland walitaka asilimia 1 ya mauzo, wakashushwa mpaka 0.6.

Kisha ikaja miongozo ya kazi kutoka Dallas. Watu wa Suzuki walitegemea siri za biashara, wakakuta mambo ya kawaida, kama namna ya kutumia mashine ya mauzo. Suzuki mwenyewe amesimulia jinsi alivyovunjika moyo. Mimi naona hiyo ndiyo bahati iliyowaokoa. Miongozo ingekuwa mizuri wangeifuata.

Duka la kwanza lilifunguliwa Toyosu, Tokyo, Mei 1974. Lilikuwa duka la pombe la familia, na mwenye duka alikuwa kijana aliyerithi biashara ya nyumbani. Mteja wa kwanza hakununua maziwa wala mkate. Alinunua miwani ya jua, na mvua ilikuwa inanyesha! Basi.

Mauzo yakaja, faida ikasuasua, kwa sababu wauzaji wa jumla walikuwa wanauza kwa katoni kubwa kubwa. Hakikubaki chumba kisicho na mzigo kwenye nyumba ya yule kijana. Kitu kimoja kinauzika haraka kinaisha, kingine kinakaa mwezi. Kama umewahi kukaa dukani kwa Mangi ukaona katoni zimepangwa mpaka kwenye kitanda chake, unaelewa.

Hapo kazi ikaanza. Walikwenda kwa wauzaji wa jumla mmoja baada ya mwingine kuwaomba walete kidogo kidogo. Nani atakubali kupeleka gari kwa ajili ya chupa chache, duka moja? Ndiyo maana 7-Eleven walifungua maduka yakiwa yamesongamana eneo moja badala ya kutawanya nchi nzima. Wageni huwa wanacheka wakiona mawili mtaa mmoja, hata mimi nilicheka. Lakini gari moja likiingia mtaani linahudumia maduka kumi. Halafu wakawashawishi wauzaji wa jumla, ambao ni washindani, wapakie mizigo yao kwenye gari moja. Kampuni inasema mwanzoni duka moja lilikuwa linapokea magari 70 kwa siku. Sasa ni chini ya 10, yamegawanywa kwa joto: ya barafu peke yake, ya baridi peke yake, ya wali peke yake.

Ya wali ndiyo yaliyobadilisha kila kitu. Mwaka 1978 walianza kuuza onigiri, lile tonge la wali lililofungwa kwa mwani, kitu ambacho kila mama alikuwa anatengeneza nyumbani bure. Kilichowezesha ni lile gari linalokuja mara kadhaa kwa siku. Bila gari, tonge la asubuhi ni chakula cha kutupa jioni.

Mwaka 1982 wakaweka mashine zinazorekodi kila kinachouzwa, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Hawakuzitumia ili makao makuu yapange kila duka liuze nini. Aliyepewa kazi ya kuagiza ni mtu wa dukani, hata kibarua wa saa nne kwa siku, mwanafunzi. Anaangalia hali ya hewa ya kesho, anajua shule ya jirani ina mashindano, anakisia onigiri ngapi, kesho yake anatazama alipatia au alikosea. Rafiki yangu amefanya kibarua hicho, na alikuwa ananieleza habari za oda kama mwenye hisa.

Sasa huko Dallas mambo yaliharibika. Southland walibeba madeni makubwa baada ya familia iliyoanzisha kampuni kununua hisa zote mwaka 1987. Oktoba 1990 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai. Machi 1991 Ito-Yokado na 7-Eleven ya Japani wakachukua karibu asilimia 70 kwa dola milioni 430. Mwaka 2005 wakachukua yote. Aliyekodi jina akawa mwenye jina.

Najua kuna mtu ataniandikia, "Kaka, kumbe siri ni kubadilika." Taratibu. Costco walikuja mwaka 1999 karibu na Fukuoka, na hawakubadilika hata kidogo: kadi ya uanachama ya kulipia, mapakiti makubwa, ghala lile lile la Marekani. Leo wana maduka zaidi ya 30. Watu wanakwenda wawili watatu wanagawana nyama kwenye maegesho, nimegawana mimi mwenyewe. Costco walikuja na mzigo wao, tofauti na Carrefour walioleta jina halafu wakaomba mzigo kwa watu.

Na msidhani konbini, yaani viduka hivi vya aina ya 7-Eleven, ni pepo. Wenye maduka wanalia. Mwaka 2009 tume ya ushindani wa biashara iliiamuru 7-Eleven iache kuwazuia wenye maduka kushusha bei ya chakula kinachokaribia kuharibika, maana hasara ya kutupa sehemu kubwa ilikuwa inamwangukia mwenye duka. Mwaka 2019 mwenye duka mmoja wa Higashi-Osaka alikosa wafanyakazi, akaanza kufunga usiku badala ya kukesha saa 24, ukazuka mgogoro na makao makuu uliosikika nchi nzima. Mfumo unaomwamini kibarua kuagiza onigiri haukumwamini mwenye duka kufunga mlango.

Juzi juzi tena, mwaka 2024, Couche-Tard wa Kanada, nao wenye viduka kama hivi, wakataka kuinunua kampuni mama ya 7-Eleven, Seven & i. Wakavutana karibu mwaka mzima, na Julai 2025 Wakanada wakajitoa wakisema hawakupewa ushirikiano.

Mlioniuliza kuhusu Ford na kwa nini waliondoka huku mwaka 2016, hiyo ni video yake yenyewe, nitaianzia kiwandani Yokohama mwaka 1925. Wa Dar na Mombasa mnaoagiza magari, msiikose. Betri inaisha, tuonane.