Shimo la Ann Arbor

Niwaulize kwanza wapenzi wa Manchester United mliomo humu: mnakumbuka Agosti 2, 2014, tulipoichapa Real Madrid 3-1 kule Marekani? Waliingia watu 109,318, na ule haukuwa uwanja wa taifa. Ni uwanja wa chuo, Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Siku za kawaida vijana wa chuo huchezea pale futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira kama yai. Kwa ajili yetu sisi watu wa soka ilibidi nyasi halisi zitandikwe juu ya zile za bandia.

Mwenye wazo lake alikuwa Fielding Yost, kocha tangu 1901, baadaye mkurugenzi wa michezo. Uwanja wa zamani, Ferry Field, ulishazidiwa na watu. Yost alikuwa na ndoto ya laki na ushee. Wakuu wa chuo wakampa ruhusa ya watu 72,000. Fedha zilitoka kwenye hatifungani 3,000, dola 500 kila moja, na aliyenunua alihakikishiwa haki ya kupata tiketi za sehemu nzuri. Hesabu ya ujenzi ikafika dola 950,000.

Sasa wanafunzi wa ujenzi, tegeni sikio. Pale palikuwa bondeni, na chini kuna chemchemi. Wakachimba hata sehemu kubwa ya uwanja ikawa chini ya usawa wa barabara. Unaingia kwa juu, halafu unashuka ngazi kuelekea kwenye nyasi. Husimuliwa kwamba kreni moja ilimezwa na tope na ingali humo humo. Mimi hilo nawaachia mafundi na hadithi zao. Ninachokistaajabia ni nguzo na misingi: Yost aliijenga iweze kubeba watu zaidi ya laki moja. Hakugombana na wakuu. Aliwaachia namba yao, yeye akachukua msingi.

Mechi ya kwanza ilichezwa Oktoba 1, 1927. Ohio Wesleyan wakala 33-0. Mwaka 1949 Fritz Crisler, mrithi wa Yost, akang'oa majukwaa ya mbao akaweka ya chuma, watu wakafika 97,239. Mwaka 1956 ikawa 101,001. Ile moja ya mwisho ni kiti cha Crisler mwenyewe, na hakuna anayejua kiko wapi.

Mwaka 1991 wakapanua kwenda chini: walishusha sehemu ya kuchezea futi 3 na nusu, wa safu za mbele waone vizuri. Kisha yakaja majengo marefu ya 2010, dola milioni 226, yenye vyumba vya wenye nazo, na shimo likaanza kuonekana kutoka mbali. Uwezo ukapanda hadi 109,901, halafu ukapunguzwa kidogo.

Siku hizi ni 107,601. Crisler bado amekaa.