Sauti ya Mdogo: Kutoka Chumba cha Marubani hadi Chumba cha Upasuaji

Walimu wangu, wauguzi wakuu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti,

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan American, zilikuwa katika njia moja ya kurukia, na ukungu ulikuwa mzito hata mnara wa kuongozea ndege haukuweza kuziona. Rubani mkuu wa KLM, mwalimu wa marubani wenzake, alianza kukimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi aliyeketi nyuma yake alisikia redioni maneno yaliyomtia shaka, akauliza kama ile ndege ya Pan American imekwisha kutoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye hakuuliza tena. Ndege hizo zikagongana, wakafa watu 583.

Mwaka 2005, huko Uingereza, Elaine Bromiley alipewa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji wa kawaida wa pua, na madaktari wakashindwa kumpitishia hewa. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, akasema viko tayari. Mwingine alikwenda kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi, lakini aliporudi akaona kama amelikuza jambo, akakighairi. Madaktari wale, wazoefu wote, waliendelea kuhangaika kumwingizia mpira wa kupitishia hewa kooni. Elaine alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin, alikuwa rubani wa ndege za abiria, naye alitazamia uchunguzi wa kutafuta chanzo, si wa kutafuta mkosaji, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika kazi yake.

Katika visa vyote viwili, aliyeiona hatari alikuwepo, tena alikuwa wa cheo cha chini. Wenzetu wa anga walilichukua hilo kuwa somo la darasani: rubani msaidizi hufundishwa kupinga, na rubani mkuu hufundishwa kupingwa, jambo ambalo nadhani ndilo gumu zaidi.

Sisi wa upasuaji tuliazima kwao orodha ya ukaguzi, yaani mambo ambayo timu huyasoma na kuyathibitisha pamoja wakati wa upasuaji. Hospitali ya Ifakara, hapa Tanzania, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizoijaribu ile orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19, na matokeo yaliyotolewa 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hata hivyo, utafiti wa Ontario, Kanada, uliotolewa 2014, haukuona upungufu wa maana. Mimi sikushangaa, kwa sababu katika hospitali ambayo sitaitaja nimewahi kukuta fomu imetiwa tiki zote ilhali mgonjwa bado yuko wodini.

Kwetu kuna uzito wa ziada. Muuguzi aliyekuamkia shikamoo saa moja asubuhi hawezi kwa wepesi kukuambia saa mbili, "Daktari, simama kwanza." Ndiyo maana orodha ile inataka kila mmoja, kabla ya kisu kugusa ngozi, ataje jina lake na kazi yake, ili awe amekwisha kufungua kinywa. Kipengele hicho ndicho tunachokiruka huku tukicheka, tukisema tunajuana. Siku moja nilisisitiza tukisome, na ilipofika zamu ya msichana aliyekuwa akinipa mikasi kwa miezi mitatu, niligundua kwamba jina nililozoea kumwita ni la mwenzake wa zamu ya usiku.